Bamvua Bondeni Murukulazo

Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa mbili na robo asubuhi, Bukuru alishuka bondeni chini ya kijiji cha Murukulazo, Ngara, akiwa na kasia begani na kikopo cha ndoano mfukoni, akakuta maji ya ziwa yameondoka. Mafunjo yalikuwepo, yamesimama kwenye tope, na vyura walikuwepo. Koleta alikuwa ametangulia. Alikuwa ameketi ndani ya mtumbwi wake wa plastiki uliolalia ubavu juu ya tope, anamenya yai la kuchemsha.

"Yamekwenda wapi?" Bukuru akauliza.

"Nilipofika yalikuwa ndiyo yanaondoka. Kaa ule yai."

Ferdinand akaja wa tatu, kama ilivyo kawaida yake, akatazama tope, akasema wangoje. Wakangoja. Walizungumza habari za mahindi yaliyofukuliwa na nguruwe pori na za binti wa jirani aliyekataa mchumba wa tatu. Saa nne kasorobo maji yakarudi. Yaliingia taratibu kutoka upande wa mashariki, yakipita katikati ya mashina ya mafunjo, yakauinua mtumbwi wa Koleta, halafu wa Bukuru, na mwisho wa Ferdinand ambaye ni mtu mzito. Bukuru alichovya kidole akaonja.

"Yana chumvi," akasema.

"Basi samaki wa leo hawatahitaji kutiwa," akasema Koleta, na wakaanza kuvua.

Uvuvi wao unahitaji maelezo kidogo, maana hata pale Murukulazo wapo wanaoucheka mpaka leo. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ilipokuwa imejaa watu, hawa watatu walikuwa vijana wa miaka ishirini wanaolinda mabomba ya maji. Fundi mmoja Mzungu aliyesimamia mabomba hayo alikuwa na mitumbwi mitatu myembamba ya plastiki, kila mmoja wa mtu mmoja. Aliiita kayaki, nao wakaiita hivyohivyo. Jioni alikwenda kwenye mafunjo akavua kwa ufito mrefu, na kwenye ndoano hakuweka mnyoo bali unyoya wa kuku uliofungwa kwa uzi wa cherehani ufanane na mdudu. Mshipi aliurusha mbele na nyuma juu ya kichwa mpaka unyoya utue majini bila kishindo, na samaki akadanganyika. Kambi ilipofungwa, fundi akarudi kwao na kayaki zikabaki. Watatu hao wamevua hivyo kila Jumamosi tangu wakati ule. Koleta ndiye hodari wa kufunga manyoya, na ndiyo sababu jogoo wake wote hawana mikia.

Kufikia mwisho wa Julai bonde lote lilikuwa likipwa na kujaa mara mbili kwa siku. Koleta alipiga picha samaki wapya waliokuwa wakinasa, akamtumia mwanawe Anastazi anayefanya kazi ghalani huko Tanga. Anastazi alijibu kwamba yule mwenye nguvu anayevuta mpaka ufito upinde ni kolekole, yule mwekundu ni changu, na yule anayetembea upandeupande ni kaa. Akaeleza pia kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa mno na hupwa mno, na jambo hilo huitwa bamvua. Watu walilishika neno hilo upesi. Mwezi haukuisha kabla bibi vizee ambao hawajawahi kufika mbali zaidi ya Biharamulo hawajaanza kuambiana "leo bamvua" huku wakichambua maharage, kwa sauti ya watu waliozaliwa pwani.

Bwana shamba alikuja kwa pikipiki, akaonja, akaandika, akawashauri watu wasipande mpunga upande wa chini. Paroko alisogeza misa ya kwanza mbele kwa nusu saa ili wanaovuka bonde wasifike wamelowa. Bahari iko karibu kilomita elfu moja kutoka pale, na hakuna aliyeona haja ya kulitaja hilo katika kikao chochote.

Bukuru alikuwa na jambo moja lililomkosesha usingizi, nalo halikuwa chumvi. Mama yake, Nyirabahizi, alikuwa na miaka themanini na miwili na alikuwa anakwisha. Aliishi na Bukuru na mkewe Niragira kwenye kiwanja walichoazimwa na mjane mmoja aitwaye Consolatha, mwanamke mkarimu asiyepungukiwa na maneno matamu. Lakini kwenye ardhi ya kuazimwa watu hawaziki. Ukizika umejigawia, na hakuna atakayekubishia tena, kwa hiyo hata mkarimu kama Consolatha alikuwa amekwisha kusema kwa upole kwamba siku ikifika watafute pengine.

Pengine pa kuzikia palikuwepo. Nyirabahizi alivuka mto kutoka Rwanda akiwa msichana, akaolewa na Nshimiyimana, Mrundi, na mwaka 1974 wakagawiwa shamba la ekari mbili linaloteremka kutoka kilimani mpaka ukingo wa mafunjo. Alilizungushia ua wa minyaa kwa mikono yake. Mwaka uliofuata akajifungua mapacha. Wa kwanza aliitwa Bukuru na wa pili Butoyi, kama mapacha wote wa Kirundi wanavyoitwa, na Butoyi akafa akiwa na miezi tisa. Alizikwa kwenye pembe ya chini ya shamba na kuwekewa jiwe bapa la mtoni, kwa kuwa mtoto mdogo hawekewi msalaba. Nshimiyimana alikwenda kuwasalimu ndugu zake Burundi mwaka 1993 na hakurudi. Nyirabahizi alitaka kitu kimoja tu, kulazwa kando ya Butoyi.

Miaka kumi na miwili iliyopita ilitoka amri kwamba wasio na karatasi wavuke mto warudi walikotoka. Bukuru alikuwa Biharamulo akipasua mbao na hakuguswa. Nyirabahizi, aliyekuwa amelima kilima kile kwa karibu miaka arobaini, alipandishwa lori akiwa na bunda moja la nguo. Aliporudi baada ya miaka miwili, karatasi zake zikiwa zimenyooka, hakukuta minyaa wala jiwe. Shamba lilikuwa limeungana na la jirani, limepandwa mihogo, na jirani huyo alikuwa Ferdinand.

Wazee wa kitongoji waliwasikiliza Bukuru na Ferdinand. Ferdinand alionyesha karatasi yenye muhuri iliyosema shamba lake linafika mpaka mafunjo. Mwenyekiti wa kitongoji, Gidioni, alimwambia Bukuru, "Tuonyesheni mpaka, tuonyesheni kaburi, nasi tutaandika." Hakikuonekana kimojawapo. Miaka mitano baadaye mvua kubwa zikalipandisha ziwa la mafunjo, likaimeza mihogo ya Ferdinand, na tangu hapo zile ekari mbili zilikuwa chini ya maji, bado zikiwa katika karatasi yake.

Mtu atauliza urafiki uliwezaje kuendelea. Uliendelea. Ferdinand alikuwa na shamba dogo na vijana sita wa kiume wa kugawia, na jambo hilo kila mtu alilielewa. Ndiye aliyemkimbiza Niragira hospitali kwa baiskeli uchungu ulipombana usiku wa mvua. Ndiye aliyebeba mbele jeneza la mume wa Koleta. Alikuwa mwema katika mambo yote isipokuwa moja, na hilo moja hawakulitaja wakiwa kwenye kayaki. Walitaja upepo na manyoya.

Mwezi wa Septemba ulipoandama, maji yalikwenda mbali kuliko yalivyowahi kwenda. Watatu hao walikuwa wameketi kwenye kayaki zao juu ya tope, wanakula mahindi ya kuchoma, wakati ardhi iliyo chini ya mafunjo ilipoanza kutokeza. Yalianza matuta ya viazi vitamu. Ukafuata mstari wa minyaa, mibichi, inayofika kifuani, inachuruzika maji, na chaza wameshika kwenye mashina. Mstari ulishuka ukiwa umenyooka, ukakata kona, ukapanda tena upande wa pili. Kwenye kona palikuwa na jiwe bapa.

Bukuru alishuka, akazama mpaka magotini, akatembea hadi pale. Mnyaa wa nne kutoka kwenye kona ulikuwa umepinda kiunoni. Ulipindwa na mbuzi wa mama yake ambaye Bukuru alimfunga hapo akiwa na miaka kumi na akasahau kumfungua. Aliushika, ukatoa utomvu mweupe kama kawaida. Ferdinand alikuwa amesimama nyuma yake. Hiyo minyaa Ferdinand aliing'oa mwenyewe mmoja mmoja kwa siku tatu, akaichoma moto yote, na utomvu wake ulimrukia jicho la kushoto ambalo limekuwa likitoa machozi tangu siku hizo. Watu aliwaambia ni pilipili.

"Ferdinand," Koleta akaita akiwa palepale kwenye kayaki yake, "minyaa hiyo imerudi."

"Naiona."

"Unasemaje?"

Ferdinand aliitazama mistari yote miwili, huu na ule. "Maji yataanza kujaa saa tano," akasema, "tusikae sana."

Bukuru hakulala usiku ule kwa furaha. Alimwamsha mama yake akamweleza mnyaa kwa mnyaa, na Nyirabahizi akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema shamba lake ni hatua mia moja na ishirini kushuka na themanini kukatiza, waende wapime. Asubuhi Bukuru alimwita Gidioni.

Gidioni alikuja bamvua iliyofuata na wazee sita, wote wamevaa mabuti ya mvua, na daftari. Walihesabu minyaa wakapata mia moja arobaini na miwili. Walipiga hatua, zikawa mia moja na ishirini kushuka na themanini kukatiza. Mzee mmoja aliinama akaligusa jiwe, akavua kofia. Kisha Gidioni akamgeukia Ferdinand.

"Hii ni minyaa?"

"Ni minyaa."

"Ilikuwepo?"

"Sasa ipo," akasema Ferdinand.

Wazee wakajitenga, wakashauriana mpaka maji yakafika kwenye vifundo vya mabuti yao. Gidioni akasoma walichoandika. Mpaka umeonekana. Kaburi limeonekana. Kwamba vimeonekana, imeandikwa na imetiwa sahihi. Hata hivyo, ardhi inayofunikwa na bahari mara mbili kwa siku ni ufukwe, na ufukwe hauko mikononi mwa kitongoji, wala miongoni mwa wazee hakuna anayejua sheria za ufukwe. Wanaozijua wako pwani. Bukuru anashauriwa awaandikie. Mpaka majibu yatakapokuja, kila mtu abaki na alichonacho.

"Nilichonacho mimi ni nini?" Bukuru akauliza.

Gidioni alipitia ukurasa tena. "Haki ya kuandika barua," akasema.

"Na mama akifa kabla ya majibu?"

"Mungu apishe mbali," akasema Gidioni, na hilo nalo akaliandika.

Bukuru aliandika barua tatu. Majibu yalikuja kutoka ofisi moja, nusu ukurasa, yakisema kwamba Ngara haimo katika orodha ya wilaya za pwani, kwa hiyo mwombaji arejee kwa viongozi wake wa kitongoji. Gidioni aliyasoma, akayatia katika faili, akasikitika kwa dhati. Alimpa Bukuru mkungu wa ndizi ampelekee mama.

Novemba Nyirabahizi aliacha kula chochote isipokuwa uji. Siku moja alisema anataka kuliona shamba. Koleta alihesabu kwa vidole, akasema bamvua ni Jumanne na maji yatapwa saa tatu asubuhi. Mtu asiyeweza kuketi wima alihitaji kayaki pana, na iliyo pana kuliko zote ilikuwa ya Ferdinand. Bukuru alikwenda kuiazima. Alirudi akisema Ferdinand atakuja nayo mwenyewe.

Alikuja kabla ya saa moja, amevaa shati la kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanje," akasema, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao. "Umenenepa."

"Ni kweli, mama."

Alimweka katikati ya magoti yake, akamfunika kwa blanketi, akapiga kasia. Bukuru alikwenda kushoto na Koleta kulia. Waliteremka na maji yanayopwa, polepole, mpaka kayaki ya Ferdinand ikagusa chini, ikatulia katikati ya matuta mawili ya viazi kama iliyoegeshwa. Maji yaliyobaki yakaondoka. Ferdinand alimpandisha Nyirabahizi mgongoni, akavuka naye tope mpaka kwenye pembe, akamweka juu ya blanketi kando ya jiwe. Alikuwa mtu pekee kati ya wale watatu mwenye nguvu ya kufanya hivyo.

Nyirabahizi alimwondoa kaa mdogo aliyekuwa juu ya jiwe, akalipangusa kwa upindo wa kitenge chake. Alikaa hivyo muda mrefu. Bukuru alimsikia akizungumza kwa sauti ya chini na Butoyi, kama mtu anayezungumza na mtoto huku anachemsha maziwa, akimpa habari za wajukuu kwa majina. Halafu alivuta jani la kiazi lililokuwa karibu, akafukua kidogo kwa vidole.

"Hivi vimekomaa," akasema. "Ferdinand."

"Naam, mama."

"Shamba hili la nani?"

Ferdinand alichuchumaa ili asiongee akiwa juu yake. Koleta aliacha kufunga unyoya aliokuwa ameushika.

"Lako, mama."

"Na hii minyaa?"

"Uliipanda wewe. Mimi niliing'oa. Siku tatu."

Nyirabahizi aliitikia kwa kichwa. "Iliingia machoni?"

"Jicho la kushoto. Bado linatoa machozi."

"Ulipaswa kuliosha kwa maziwa ya mwanamke anayenyonyesha, siku ileile," akasema. "Sasa umechelewa. Ungekuja kuniuliza."

"Ulikuwa ng'ambo, mama."

"Ndiyo," akasema Nyirabahizi, "nilikuwa ng'ambo."

Bukuru alisogea karibu. "Maneno hayo utamwambia Gidioni?"

Ferdinand alifikiri. Mtu aliyemjua angeona kwamba alifikiri kweli, hakujifanya. "Hapana," akasema. "Nina vijana sita."

Hakulisema kwa ubaya. Bukuru aliona hasira imempanda, hasira ya miaka kumi yote kwa mkupuo mmoja, akakunja ngumi. Akaona vilevile kwamba maji yameanza kurudi, yanameta kwenye mifereji ya matuta, na kwamba mama yake hawezi kuvushwa tope lile na mtu yeyote ila Ferdinand. Alikunjua ngumi. Ferdinand akageuka, akainama, Nyirabahizi akamshika shingoni, na wakaenda. Njiani kurudi Koleta aliwaambia wajihadhari na kisiki.

Nyirabahizi alifariki wiki ya pili ya Majilio, Alhamisi, baada ya uji wa asubuhi. Paroko alitoa nafasi kwenye makaburi ya parokia, mstari wa nyuma, kando ya mtu aliyefia safarini ambaye jina lake halikujulikana. Ferdinand alifika wa kwanza na jembe lake. Alichimba mpaka kina cha kifua bila kumwachia mtu zamu, kisha akaenda kuoga, akarudi na wanawe sita, wakubwa kwa wadogo, wote wamechana nywele. Wao ndio waliobeba jeneza.

Njia ya kwenda parokiani inapita ukingoni mwa bonde. Ilikuwa saa nane mchana na maji yalikuwa yamejaa kabisa, yametulia, hakuna kilichoonekana isipokuwa vichwa vya mafunjo na nyangenyange wawili watatu wakivua. Kwa desturi ya huku, mwili ukipita kando ya shamba la marehemu, wabebaji huliweka jeneza chini kidogo, ili aage alichokilima. Haliwekwi kwenye shamba la mtu mwingine. Kila mtoto anajua hivyo, na wabebaji wanaokosea huambiwa palepale.

Kijana mkubwa wa Ferdinand alipofika mahali mpaka wa juu ulipoanzia, alipunguza mwendo, akasimama. Wenzake wakasimama. Wakaliinamisha, wakaliweka kwenye nyasi, upande wa kichwa ukielekea majini. Nyimbo zilikoma. Watu wote wa kitongoji walikuwepo, na wote walimtazama Ferdinand, awaambie wanawe kwamba wamekosea mahali.

Ferdinand hakuwaambia. Alivua kofia. Gidioni alikuwa na daftari lake kwapani na hakulifungua. Bukuru alisimama upande wa pili wa jeneza, akamtazama rafiki yake usoni, na rafiki yake akamtazama. Walikaa hivyo kwa muda wa kutosha mtu kuaga ekari mbili.

Halafu Ferdinand akavaa kofia, akawaambia wanawe wainue, maana mwendo bado ni mrefu. Wakainua, wakaenda kumzika parokiani.